Mshale wa Sauti ya Mke Wangu

Nina ugonjwa wa kupima vitu. Nilipopata simu yenye programu ya kukazia nyuzi za gitaa, ile yenye mshale unaopanda sauti ikiwa nyembamba na kushuka ikiwa nzito, gitaa la kwaya yetu ya Kibondo nililisahau kabisa. Nikaanza kupima watu. Redioni walikuwa wamesema mtu akipata mshtuko koo hukaza na sauti hupanda, hata kama uso umetulia. Nikamjaribu makamu mkuu wa shule ninakofundisha. Nilimwambia wakaguzi wako getini. "Wakaribishwe," alisema kwa heshima zote, na mshale ukaruka kama panzi. Nilicheka mpaka akanifukuza ofisini.

Kwa hiyo uhamisho wangu wa kwenda Dodoma ulipokubaliwa, nilijua pa kuupata ukweli. Mke wangu ni mkunga hospitalini, mzaliwa wa Kasulu, na uhamisho wake yeye ulikuwa bado. Ningetangulia peke yangu, sijui kwa muda gani. Kila nikimuuliza, ananiambia niende. Mke akikuruhusu kirahisi hivyo, lazima umpime.

Jumamosi mchana alikuwa anachambua maharage. Niliweka simu mezani, nikajifanya nasoma ujumbe. Kwanza nikamuuliza bei ya maharage sokoni, nipate sauti yake ya kawaida. Mshale ukatulia katikati. Ndipo nikasema, "Mama, kweli nikitangulia Dodoma utakuwa sawa?"

"Nenda tu, mume wangu. Mimi sina neno."

Mshale haukupanda. Ulishuka, ukashuka hadi karibu na chini kabisa. Nilifurahi, na kusema kweli niliumia pia, maana angalau ungetikisika kidogo kwa heshima ya ndoa. Nikainuka nikateremshe begi juu ya kabati.

Kabla sijafika chumbani simu yake ikalia. Mama aliyejifungua asubuhi alikuwa anavuja damu. "Mwiteni daktari," mke wangu alisema taratibu. "Mkande tumbo, usiache. Nakuja."

Niligeuka nikaitazama simu yangu pale mezani. Mshale ulikuwa umeshuka palepale uliposhuka aliponiambia niende. Mwenyewe alishatoka mbio na kandambili, maharage yamemwagika sakafuni.

Nikakaa chini kuyaokota. Wenzake wa wodini humsifu sana: mambo yakiharibika, yeye hushusha sauti ili mgonjwa asiogope. Nami nilikuwa mgonjwa wake, natibiwa kimyakimya, huku nikijiona mtaalamu. Niliona aibu, na nilimpenda mno saa ile.

Alirudi jioni amechoka, yule mama ameokoka. Nikamwambia siendi popote mpaka uhamisho wake utoke, tuondoke wote.

"Wee! Umerogwa? Watu wanaililia Dodoma, wewe unaikataa?" Alipaza sauti nyembamba mpaka jirani akachungulia uani. Aliniita mwendawazimu, akaniita king'ang'anizi, akaendelea kunisema tulipokuwa tunakula. Sijawahi kufokewa vizuri namna ile.