Swali la Ernestine lililopandisha bei ya mahindi Mpanda

Mvumo wa mashine ya kusaga unatikisa mabati, na Ernestine Didace anamwaga debe la mahindi kwenye mdomo wa mashine. Vumbi jeupe limemkaa kwenye nyusi. Mwenye mahindi, mama wa makamo aliyejifunga kitenge kifuani, hakai kwenye benchi kama wenzake. Amesimama karibu, macho yake hayabanduki kwenye mikono ya msagaji.

"Hanidhanii mwizi," anasema Ernestine baada ya mama huyo kuondoka. "Anataka kuona kama nitamuuliza kitu."

Ernestine, mwenye umri wa miaka 27, ni msagaji katika mashine iliyo pembeni mwa soko moja mjini Mpanda, mkoani Katavi. Analipwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, na sehemu kubwa inamezwa na ada. Anasoma shahada ya uchumi kwa masafa, akijisomea kwenye simu mashine inapopumzika.

Mwezi Februari, maghala ya wakulima yakiwa yamepungua na mahindi mapya bado mabichi shambani, mhadhiri aliwapa wanafunzi wake kazi: kila mmoja achague nadharia ya uchumi wa nchi nzima, kisha aijaribu kwa tatizo analoliona nyumbani kwao. Ernestine alichagua ile isemayo kwamba bei hupanda si kwa uhaba tu, bali pia kwa sababu watu wanaamini itapanda.

Akaanza kuzungukia wafanyabiashara wa nafaka. Swali lake lilikuwa moja: "Unadhani mwezi ujao mahindi yatauzwaje?"

Wa kwanza kumtilia shaka alikuwa Kabula, mke wa Ngusa, anayeuza mahindi na mpunga sokoni hapo. Kabula haoni haya kulisema hilo.

"Msichana wa mashine, miaka yote hajawahi kuniuliza bei. Leo anakuja na kalamu! Nikajua huyu katumwa," anasema. "Nikamjibu sijui. Jioni nikamwambia mume wangu, tusiuze kwanza."

Mnong'ono ukapita kibanda hadi kibanda. Wengine walisema Ernestine anatumiwa na tajiri anayetaka kuvusha mahindi nje ya nchi. Wengine walisema ni mtu wa kodi. Kwa wazee wenye asili ya Burundi, kama walivyo wazazi wake, ilisemekana kuna orodha mpya ya watu wa kurudishwa kwao inaandaliwa. Alipokaribia, mazungumzo yalikatika.

Magunia yakaanza kutoweka mbele ya vibanda. Debe lililouzwa shilingi elfu tisa likafika elfu kumi na tatu. Mashine ikakosa cha kusaga.

"Mwenye mashine, Damiano, aliniita nje," anakumbuka. "Akaniambia, 'Dada, watu wanasema ni wewe. Mimi siwezi kulipa mtu anayefukuza wateja.'"

Hata hapo hakuelewa kosa lake. Alielewa pale alipofika mama mmoja na mahindi yasiyojaza kisado, akiwa na watoto wanne wa kulisha. Ernestine alimuuliza kama mahindi yamekwisha mjini.

"Yapo," mama yule akajibu bila kumtazama. "Yamelala ndani. Wanasubiri hicho unachokijua wewe."

"Ile nadharia niliyokuwa naitafuta kwa watu," anasema Ernestine, "nilikuwa nimeipanda mwenyewe."

Siku iliyofuata alisimama katikati ya soko akatangaza kwamba hajui chochote, kwamba alikuwa akiuliza kwa ajili ya masomo. Watu wakacheka. "Nyie mmewahi kuona mpelelezi anajitaja?" akasikika mmoja. Kabla ya jua kuzama, bei ilikuwa imepanda tena.

Akapanda bodaboda kwenda Katumba, makazi ya zamani ya wakimbizi wa Burundi, kwa mama yake, Séverine, mkulima ambaye pia hununua na kuuza nafaka. Alipofungua mlango wa stoo, alikuta magunia yamepangwa hadi karibu na paa. Mama yake mzazi naye alikuwa akisubiri bei ipande.

"Nilikasirika," anasema Séverine. "Nilimwambia, mwanangu, unaficha hata mimi? Sisi tumeulizwa maswali mengi katika maisha haya. Hakuna hata moja lililokuja bure."

Ernestine alimjibu: "Mama, mtu anayejua haulizi. Ningejua bei ya kesho, ningekuwa nazunguka na kalamu juani?"

Séverine alimchunguza bintiye usoni. Kisha akamwambia akatafute gari.

Siku ya pili mahindi yake yalishushwa sokoni, na akayauza kwa elfu kumi debe. Watu wakatazamana. Neno likapita upesi kuliko la kwanza: kama mama yake anauza, basi binti anajua bei inaporomoka. Magunia yakatolewa mbio kutoka vyumbani, na siku chache baadaye debe likashuka chini ya elfu tisa.

"Hawakuniamini hata siku hiyo," anasema Ernestine, akitabasamu bila furaha. "Walibadilisha tu walichonishuku."

Kabula aliuza mwishoni kabisa, kwa hasara. Hadi leo anaamini kwamba mama na bintiye walipanga. "Waliucheza mchezo wao vizuri," anasema, kisha anamgeukia mwandishi. "Na wewe, nani kakutuma?"

Damiano alimbakisha Ernestine kazini kwa sababu foleni ilirudi. Mhadhiri wake alimpa alama nzuri, lakini akaandika pembeni kwamba soko moja si nchi, na kwamba mtafiti anayebadilisha anachokipima hana budi kukiri hivyo katika ukurasa wa kwanza. Ernestine anasema maneno hayo yalimuuma kwa kuwa ni ya kweli.

Akimaliza masomo mwakani, anataka kuomba uongozi wa soko umruhusu kusimamisha ubao mkubwa, aandike kila asubuhi bei za Mpanda, Inyonga na Sumbawanga, na jina la aliyemtajia kila bei.

"Najua wataushuku," anasema, akijipangusa unga usoni kwa kiganja. "Sawa. Ila nataka waushuku wote kwa pamoja, hadharani, wakibishana. Shaka ya chumbani ndiyo iliyotulaza njaa."