Jumamosi Tumbo la Meneja Liliposimama

Enzi zetu hakuna mtu aliyejua kama sungura ana siku ya kuzaliwa. Siku hizi binti yangu Wambui humwokea wake keki ya karoti, akampiga picha ishirini, na sungura mwenyewe akaangalia kando kama mtu aliyealikwa harusi ya jirani asiyempenda. Sisi tuliolelewa Subukia, kwenye yale mashamba yaliyogawanywa baada ya wazungu kuondoka, tulijua mnyama ana kazi au ana sufuria. Ng'ombe alitoa maziwa, mbwa alibweka, paka alishika panya, na sungura alingoja Jumapili.

Jumamosi za wakati ule nazikumbuka kwa pua. Uji wa wimbi ulioshika chini, maziwa yaliyochemka yakamwagikia makaa, sabuni ya kipande tuliyofulia sare za shule, na githeri ya jana, mahindi na maharagwe, ikikaangwa na kitunguu. Wa rika langu wanajua githeri haijawahi kuwa tamu siku ya kwanza. Tulichoma viazi kwenye jivu tukavila na maganda, na jivu lenyewe pia, wala hakuna aliyekufa. Tulicheza blada, ule mchezo wa kuruka, kwa mpira wa gurudumu la baiskeli, na mpira ulipokatika tukachomoa lastiki za soksi, ndiyo maana picha zetu zote za shule soksi zimelala juu ya viatu. Nikimsimulia Wambui hayo ananitazama kwa huruma, kisha anauliza, "Sasa mathe, mlikuwa mnaboeka aje?"

Katika boma letu lisilo na mchezo na wanyama, mimi nilikuwa na sungura wangu Meneja. Nilimpata kwa rafiki yangu wa darasa la sita kwa kubadilishana na bikari na rula, na ndiyo maana hesabu za duara zinanisumbua hadi leo. Alikuwa wa kijivu, tumbo jeupe, mashavu yamejaa. Jina alipewa na Mama, ambaye babake aliwahi kufanya kazi kwenye shamba la mzungu. Meneja wa shamba hilo, alisema Mama, hakuwahi kushika jembe, alikuwa mnene, na aliwatazama wenzake wakifanya kazi huku akitafuna kitu.

Kizimba chake Baba alikijenga kwa mabaki ya mbao, kikasimama juu ya miguu minne, na sakafu yake ilikuwa na nafasi ili mavi yadondoke chini. Msomaji mwenye adabu aniwie radhi, mavi yatatajwa sana hapa. Kila asubuhi Mama aliyazoa kwa karai akayapeleka kwenye sukuma wiki zake, na sukuma zile zilikuwa na majani mapana kiasi cha kumfunika mtoto mvua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Meneja. Ndiyo iliyomweka mbali na sufuria.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Shule yetu ilikuwa na siku ya wazazi, na wanafunzi waliruhusiwa kuleta wanyama washindanishwe. Mwaka uliotangulia alishinda jogoo wa mwanafunzi mwenzangu Kiptoo, na Kiptoo akatembea mwaka mzima kama yeye ndiye aliyekuwa na upanga kichwani. Niliapa kumnenepesha Meneja. Na mtoto aliyezaliwa nyumba ya ng'ombe wa maziwa anajua jibu moja tu kwa kila swali la mnyama, nalo ni dairy meal, chakula cha unga cha ng'ombe. Ng'ombe amezaa? Dairy meal. Amekonda? Dairy meal. Ana huzuni? Mwongeze kidogo. Baba alililinda lile gunia stoo kuliko alivyotulinda sisi, akapima unga wake kwa mkebe na kusawazisha juu kwa kiganja. Kwa siku nne mfululizo, yeye akiosha ng'ombe viwele alfajiri, mimi nilichota kikombe kizima nikampelekea Meneja.

Wizi huo ulizaa uvivu. Kazi yangu ilikuwa kwenda kando ya ua kuchuma mukengeria, yale magugu mororo ambayo sungura huyapenda, na umande wa Subukia hukulowesha hadi magotini. Nikaona, mtu anayekula dairy meal anatafuta magugu ya nini? Siku nne Meneja hakuona hata unyasi mmoja.

Jumamosi asubuhi Mama aliinama chini ya kizimba na karai lake, akainuka mikono mitupu. Akasema kwa sauti iliyofika kwa jirani, "Hii sungura haijakunya tangu jana!"

Nilikimbia. Meneja alikuwa amejikunja pembeni, macho nusu, anasaga meno polepole kama mzee mwenye maumivu asiyetaka kuulizwa. Nilimpa jani la kiazi kitamu, akageuza uso. Nilimpa kipande cha karoti, akakiacha kimlalie miguuni. Tumbo lilikuwa gumu, nalo lilikuwa kimya. 

Baba akaja na ndoo ya maziwa, akamtazama. Alikuwa na sheria moja ambayo sote tuliijua. "Kwa boma yangu mnyama haikufi na nyama yake," alisema. "Jioni nikitoka kupeleka maziwa, kama bado, kesho ni supu."

"Na usilie," Mama akaongeza, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anapangusa macho kwa leso. Akasema ni moshi.

Saa nne hivi akafika daktari wa ng'ombe kwa pikipiki yake, amekuja kumpandisha Karembo, ng'ombe wetu mkubwa, kwa sindano. Nilimzunguka kama inzi. Baba alikuwa ameshika mkia wa Karembo, na daktari ameshavaa ile glavu ndefu ya kufika begani, nilipopata ujasiri.

"Daktari, na sungura je?"

"Sungura imefanya nini?"

"Haikuli. Na haikunyi."

"Umekuwa ukiipea nini?"

Hapo ndipo dunia iliposimama. Ningesema mukengeria, makalio yangu yangekuwa salama, na Meneja angeenda sufuriani bila dawa. Nikisema ukweli, gunia la Baba lilikuwa hatua tatu kutoka tuliposimama. Nilitazama mkono wa Baba kwenye ule mkia. Nilitazama kizimba. Nikasema huku nikitazama ardhi, "Dairy meal."

"Ya kutoka wapi?" Baba akauliza, kana kwamba Subukia nzima ilikuwa imejaa magunia.

Daktari alicheka hadi Karembo akageuka kumtazama. Alipotulia, akavua glavu, akampapasa Meneja tumbo kwa vidole viwili, na akanieleza kama mtu mzima. Tumbo la sungura ni kama posho mill ya kusaga mahindi, alisema, lazima nyasi iingie ndiyo mashine izunguke, na ukiijaza unga mtupu inasimama. Dairy meal ikome. Nyasi kavu iwe mbele yake muda wote, pamoja na majani mabichi kidogo. Apewe maji kidogokidogo kando ya mdomo, bila kulazimishwa. Awekwe kwenye joto, asuguliwe tumbo taratibu, arukeruke. "Na msingoje sana," akamwambia Baba. "Sungura ikisimama tumbo, siku moja ni nyingi." Akaniachia bomba la sindano lisilo na ncha, akaenda zake.

Nikangoja kiboko. Lakini mimi ni binti wa kwanza, nimepewa jina la mama yake Baba, na tangu nizaliwe ananiita Mami. Mtu hampigi mamake hivihivi. Jina hilo liliniepusha na viboko vingi, ingawa si vyote, kwa maana kuna siku alisahau ukoo. Siku hiyo alikumbuka. Akasema tu, "Mami, utakaa na huyo mgonjwa wako mpaka anye."

Basi nilikaa. Nilijaza maji ya moto kwenye chupa, nikaifunga kwa sweta yangu ya shule, nikamweka Meneja kando yake. Nilimdondoshea maji, nikamsugua tumbo, nikamshusha chini arukeruke, naye akaruka mara moja kunifurahisha na akaketi. Watoto wa jirani walipita wakiniita kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nikakataa. Kila baada ya muda niliinama chini ya kizimba. Hakuna. Nimesubiri matokeo ya mitihani, nimesubiri majibu ya kazi, hata nimesubiri kuzaa, lakini sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri mavi yale.

Jua lilipoanza kuegemea mlima, mdogo wangu Nyambura, wa miaka tisa na akili za wakili, alinijia na ngumi imefungwa. Akaifungua. Ndani mlikuwa na vidonge saba vya mavi alivyookota kwenye shamba la sukuma. "Weka chini ya kizimba," akanong'ona. "Baba atajua aje?"

Niliweka. Ndiyo, niliweka, na hata nikavipanga vionekane vimedondoka wenyewe.

Baba akafika, akaegesha baiskeli, akachukua kisu dirishani. Akainama. Akaokota kidonge kimoja, akakivunja kati ya vidole viwili, na kikawa vumbi. Akanusa. "Hii ni ya wiki jana," akasema.

Nyambura alikuwa tayari amefika kwa jirani. Mimi nilimkumbatia Meneja nikafumba macho. Nikasikia sauti nisiyoijua, na nilipofumbua nikamwona Baba ameegemea kizimba, anacheka, machozi yanamtoka, kisu kinatikisika mkononi. "Mwizi wa dairy meal," akasema, "sasa ni mwizi wa mavi!" Akamwita Mama aje aone. Akarudia hadithi mara mbili kabla ya kuketi, na alipomaliza chai alikuwa amerudisha kisu dirishani. "Basi, mpaka kesho asubuhi," akasema. "Asubuhi ni asubuhi." Kisha akaenda stoo, akatoka na kumbatio la boma rhodes, nyasi kavu aliyokuwa akiwawekea ng'ombe wa kuzaa tu, akaisukuma ndani ya kizimba bila kunitazama.

Alfajiri nilishtuliwa na mkono begani. "Mami. Kuja uone."

Nilimfuata pekupeku, umande ukiniuma. Ng'ombe walikuwa bado wamelala, Baba hajakamua hata mmoja. Alikuwa na tochi kwapani, na magoti ya suruali yake yalikuwa na matope. Akafungua kiganja. Mlikuwa na vidonge vitatu vidogo, vibaya, vimepinda, kimoja kama mkia wa panya. Akakivunja kimoja mbele yangu, polepole. Kilikuwa kibichi ndani, chenye nyuzi za nyasi.

"Hii," akasema, "ni ya leo."

Ndani ya kizimba Meneja alikuwa anatafuna boma rhodes kama aliyetoka likizo. Jumapili hiyo tulikula ugali na sukuma wiki, na nilizimaliza zote. Siku ya wazazi Meneja alishika nambari ya pili, wanyama wakiwa wawili. Jogoo wa Kiptoo alishinda tena, na sikujali hata kidogo.

Mwezi uliopita, hapa kwetu Nakuru, Wambui alinijia jikoni. Sungura wake Biskuti hakuwa amekula wala kunya tangu jana yake. Nikauliza alichompa. Akasitasita, akatazama viatu, nami nikautambua ule mtazamo. Chapati, akasema. Na mkate. Na biskuti, maana jina lake ni hilo. Tukamkimbiza kwa daktari wa wanyama mjini, dada mmoja mpole mwenye koti la kijani, akampa dawa na kisha akatueleza mambo ya kufanya nyumbani. Nyasi kavu, maji kidogokidogo, joto, kusugua tumbo, arukeruke. Wambui aliandika yote kwenye simu. Mimi nilikuwa nayataja kabla hajayasema.

Usiniulize habari zilifikaje Subukia. Baba alianza kupiga simu. Yeye ambaye hununa akiambiwa apige hata Krismasi, alipiga jioni, akapiga asubuhi, na kila mara Mama alimshikia simu kwa sababu macho yake siku hizi hayaoni vizuri na vidole vinatetemeka. Ng'ombe wa mwisho alishauzwa. Hakusalimia. Aliuliza tu, "Imekunya?"

Siku ya pili saa moja asubuhi Wambui alipiga kelele hadi majirani wa ploti wakafungua madirisha. Akapiga picha, akaituma kwenye kikundi cha familia, na mioyo myekundu ikaanza kumiminika kutoka kwa mabinamu. Simu yangu ikalia, nikaiweka kwenye spika.

"Mama yako ananiambia kuna picha," alisema Baba. "Picha inaweza kuwa ya wiki jana."

"Guka, ni ya saa hii!" Wambui akamlalamikia babu yake. "Si uniamini?"

"Mami," akasema, "vunja."

Nikapiga magoti kwenye vigae, mimi mwanamke mzima niliyevaa nguo za ofisi, nikaokota kidonge kimoja nikakivunja kati ya vidole viwili. Wambui akasema "Eww." Ndani kilikuwa kibichi, chenye nyuzi za nyasi.

"Ni ya leo, Baba."

 Akasema, "Haya. Ipee nyasi." Akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake.

Nililia kidogo pale sakafuni, na nikasema ni vumbi la nyasi. Siku hizi tunaambiana tunapendana kila tunapokata simu, na Wambui huniandikia hivyo hata akiwa chumba cha pili, na ninafurahi, sidanganyi. Enzi zetu neno hilo halikusemwa nyumbani kwetu. Baba hajawahi kuniambia hata mara moja. Aliamka tu kabla ya ng'ombe, akapiga magoti kwenye matope, akamulika chini ya kizimba kutafuta mavi ya sungura.