Vifundo vya Nyasi katika Stesheni ya Morogoro

Kabla ya reli, njia tatu zilikutana mahali ulipo uwanja wa mizigo wa stesheni yetu: ya kutoka pwani, ya kwenda bara, na ile nyembamba inayoshuka Uluguru. Wapagazi walitua hapo kwa sababu ya kijito. Kisha wakaja wapima ardhi wa Kijerumani na minyororo yao, wakafuatwa na wachimbaji, mataruma na vyuma. Siku gari moshi la kwanza lilipofika, mji mzima ulisimama kando ya tuta. Wazee wawili wa mlimani waliketi chini wakaligeuzia kisogo, wakasema watageuka litakaponyamaza.

Stesheni ilijengwa kwa mawe, mbali kidogo na kijito. Watu wa mlimani hawakuhamia huko. Waliendelea kutua mizigo walipozoea. Mwishowe wenye reli walikubali, wakaezeka hapo banda refu lisilo na kuta. Kila kitu kilihamishwa chini ya banda hilo: kutoka kichwani kwenda kwenye behewa, kutoka behewani kwenda mgongoni mwa punda au kwenye mkokoteni. Mimi niliajiriwa kuwa mpokea mizigo.

Waluguru walikuwa na desturi ya kufunga kifundo cha nyasi kwenye mpini wa kikapu, kila nyumba kwa namna yake. Kikapu chenye kifundo kingeweza kuachwa njiani kutwa nzima na asikiguse mtu. Lakini karani wa mizigo, Mhindi Mwislamu ambaye nduguze walikuwa na duka mjini, alitaka kila mzigo uwe na karatasi yenye jina la mpelekewa na stesheni ya kushukia. Kazi hiyo ilinifurahisha. Herufi za Kizungu nilijifunza mwenyewe ukubwani, kwa kulinganisha karatasi za kufungia bidhaa, nami nilikuwa nangoja mahali pa kuzitumia. Wino wa ofisini ulikuwa wa karani peke yake, kwa hiyo nilitengeneza wangu kama tulivyofundishwa chuoni tulipokuwa tukisoma Kurani: masizi, ulimbo wa mgunga na maji. Na ili karatasi zikae vizuri mpinini, nilianza kukata vifundo.

Asubuhi moja alishuka mama mtu mzima na kikapu cha mbegu za maharage. Binti yake alikuwa amemfuata mumewe, mfanyakazi wa njia ya reli huko Ngerengere, akafyeka kipande cha ardhi karibu na kambi. Msimamizi wa kambi alikuwa ametangaza kwamba kipande kitakachokutwa kitupu baada ya mvua ya kwanza atapewa mtu mwingine. Kwa Waluguru mbegu humfikia mwanamke kutoka kwa mama yake, na binti yule alikuwa akizingoja hizo. Mlimani mvua ilikwisha kuanza. Bondeni ilikuwa njiani.

Nilikata kifundo chake kama nilivyokata vya wengine. Aliniuliza sababu. Nilimjibu kwamba karatasi husema hata mwenyewe asipokuwapo. Alinitazama kidogo, akasema haya, akaketi kungoja aone kikapu kikipanda.

Gari halikuja. Habari ilifika kwamba tuta limemomonyoka upande wa bara, na kwamba gari litapita kesho yake adhuhuri. Wenye mizigo wengine walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Mchana mvua ilishuka kutoka milimani pamoja na upepo, ikaingia bandani kutoka ubavuni. Ilipokatika nilikwenda kukagua. Vikapu tisa vya maharage, vyote vya msuko mmoja, vilikuwa na karatasi nyeupe kama zilivyotoka ofisini. Wino wa chuoni hupendwa kwa sababu hufutika ubaoni kwa maji ili mtoto aandike tena. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni.

Wapagazi walicheka. Mmoja alisema, "Haya mwalimu, tusomee."

Yule mama hakucheka. Aligusa kikapu cha nne. "Changu hiki."

"Mama, hata mimi naweza kusema changu hiki," alisema karani, bila ukali. Alieleza kwamba mzigo usio na jina haupandi behewa, na kwamba akimwamini mmoja, wanane watakuja kumdai yeye. Gari la mizigo la kufuata lile la kesho lingepita baada ya wiki nzima. Mama alitazama mawingu yaliyokuwa yakielekea Ngerengere.

Nilimwambia karani kwamba kosa ni langu, si la mvua. Nikamwomba aniruhusu niwatafute wenye vikapu. Akajibu kwamba anataka ushahidi, si kelele.

Mama alikwisha kuanza kupanda. Nilimfuata hadi bega la kwanza la mlima. Hapo aliweka viganja mdomoni, akawaita wenye vikapu kwa Kiluguru, kwa sauti ndefu yenye kupanda mwishoni. Akaita tena. Mtu akaitikia kutoka ng'ambo ya bonde, kisha nikasikia maneno yale yale yakiitwa mbali zaidi, na mbali zaidi ya hapo.

Kesho yake asubuhi wenye vikapu wote walikuwa wamefika. Niliwaweka nyuma ya ghala la stesheni, wasikoweza kuona bandani, nikamwita mmoja mmoja bandani, karani akiwa kando yangu. Kila mtu alionyesha kikapu chake kwa kidole bila kusema neno, nami nikaandika mahali kilipo. Mmoja alitazama tako la kikapu, mwingine alinusa jivu lililochanganywa na mbegu. Walipokwisha, hakuna wawili walioonyesha kikapu kimoja. Mama yule alionyesha cha nne.

Karani aliingia ofisini, akatoka na wino wake, akauweka mbele yangu. "Andika," alisema. "Nao wafunge nyasi zao. Banda hili lina nafasi ya vyote viwili."

Gari lilipopuliza filimbi, vikapu vyote tisa vilikuwa behewani.

Siku chache baadaye mlinzi wa gari alileta ujumbe wa mdomo kutoka Ngerengere: mvua ya kwanza imenyesha, na mbegu zilikuwa zimekwisha fukiwa siku mbili kabla. Sikutaka kumtuma mtu. Nilipanda mwenyewe hadi kwa yule mama, nikamkuta shambani.

"Shikamoo, mama. Binti amepanda. Kipande ni chake."

"Marahaba." Aliendelea kulima. "Amepata matuta mangapi?"

"Sikuuliza."

"Basi rudi ukaulize," alisema, kisha akacheka, akaweka jembe chini na kunionyesha mahali pa kuketi.