Mpira wa Baba Kwenye Bomba la Tabo

Ukikanyaga mafuta kwenye pikapu yetu, ilikuwa inafikiri kwanza. Unakanyaga, kimya. Unakanyaga tena, inaguna kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Ukishakata tamaa ndipo inachomoka kwa hasira na kukubwaga kwenye mgongo wa kiti. Kwenye mwinuko wa kwenda Sigino, nikiwa na magunia ya mbaazi, nilipitwa na bajaji. Bajaji! Na mama aliyekuwa ndani akanipungia mkono kwa huruma.

Vijana wa bodaboda pale kijiweni Nakwa walishaniona wa kuchezea.

"Oya dereva, leo imekubali au bado inaomba ruhusa?"

"Mwacheni," mwenzake akadakia. "Inasali kwanza hiyo. Gari la mzee wa kanisa."

Nilicheka nao, maana mimi nacheka hata nikiumia, na siku ile niliumia. Baba alikuwa ameshasema: siku ya mnada ikifika pikapu ikiwa bado nzito, anamuuzia mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa anaitolea macho. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anapukuchua mahindi, akasema kama anayezungumzia mvua. Mimi shule iliishia kidato cha pili, na ndoto zangu zote nilikuwa nimezipakia kwenye bodi ya ile pikapu. Leo mbaazi, kesho kutwa lori langu mwenyewe, la bluu. Rangi nilishaichagua.

Fundi wa gereji alisema ni ea klina, kile kichujio cha hewa. Tukabadilisha. Wapi! Akasema nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Zikatolewa, zikaoshwa, zikarudishwa. Wapi! Nikarudi tena, akasikiliza muungurumo huku amefumba jicho moja, akatoa hukumu: "Tabo imekufa."

Tabo ni kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, kazi yake kusindilia hewa ndani ili dizeli iungue vizuri. Tulipokuwa tumefungua bomba la mbele nikakigusa kwa kidole. Kilizunguka kilaini, hakikuyumba hata kidogo.

"Mbona kizima, kaka?"

"Wewe umesomea wapi?"

Nikaenda nyuma ya gereji, nikalipiga teke tairi bovu. Tairi halikusikia kitu, kidole changu ndicho kilichosikia.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Kila nilipopanda mlima nilisikia *fsss*, na nyuma moshi mweusi unatanda. Nikawaza, kama hewa inasindiliwa halafu haifiki, si inavuja njiani? Na kinachovuja hewa tunakijua wote, ni pancha. Nikaenda kwa fundi pancha.

"Mimi naziba tairi, bwana. Injini usinitie majaribuni."

"Leta povu tu na kompresa. Lawama zangu."

Tukaziba mdomo wa bomba linaloingia kwenye tabo kwa kopo la plastiki, tukalipachika vali ya tyubu kuukuu, akajaza hewa kidogo kidogo huku anacheka. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Kavu. Kavu. Halafu, pembeni ya bomba kubwa la mpira, mapovu yakaanza kuchemka kama uji.

Fundi pancha akaacha kucheka. "Hapa pamefungwa na nani?"

"Na baba."

"Aa," akasema, akajikuna shingo.

Kwetu kila kitu kinafungwa kwa mpira wa tyubu: mpini wa jembe, ndoo iliyopasuka, siti ya baiskeli. Lile bomba lilipasuka zamani baba akitoka shamba, akalizungushia mpira akiwa porini peke yake, akafika nyumbani. Kila mgeni aliyekunywa chai kwetu alipewa hadithi ile. Ndiyo maana hata fundi wa gereji, kila alipofika pale, alipitisha kitambaa juu juu akaendelea mbele. Nani afungue fundo la mzee? Kumbe oili ilikuwa imeulainisha ule mpira. Hewa ikiwa kidogo umebana, presha ikipanda unafunguka kama mdomo.

Nilizunguka uani mara nyingi kabla ya kumkabili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Imepona?"

"Bado. Ila... ule mpira wako, baba, umefanya kazi sana. Nadhani umechoka."

Akaniangalia. "Mpira wangu ndio mbovu?"

"Siyo mbovu. Umelowa oili."

"Basi kama mpira ni mbovu, na gari ni bovu. Liuzwe."

Akaingia ndani. Nilibaki nimesimama na ule ukweli wangu mkononi, sina pa kuupeleka. Nilitamani povu lingechemkia mahali pengine popote.

Asubuhi nilikuta boneti iko wazi. Baba ameinama na kisu kidogo, anakata mzunguko mmoja baada ya mwingine, polepole, kama anayefungua kidonda cha mtoto.

"Fundo langu nalifungua mwenyewe," akasema bila kugeuka. "Nenda katafute hilo bomba lako."

Nililipata mjini. Tukalivalisha na klipu mbili za chuma, akazikaza yeye. Kisha tukapakia mbaazi, tukashika njia ya Sigino. Nilikanyaga mafuta, na pikapu ikajibu palepale, *fsss* haipo, moshi haupo. Nilipiga kelele kama mtoto. Baba alikuwa anatazama dirishani.

"Usiikimbize," akasema.

Siku ya mnada yule mfanyabiashara alikuja. Akapewa chai, wakaongea habari za ng'ombe na malisho hadi vikombe vikakauka, akaondoka, pikapu ikabaki uani. Hadithi ya mpira safari hii hakupewa.

Jioni nilimkuta baba kwenye banda la kuku, anafunga mlango kwa kipande cheusi cha mpira ninachokijua vizuri. Akavuta fundo, akalijaribu kwa kidole.

"Hapa," akasema, "hakuna presha."