Jibu Linaloishia Wajir

Fundi wa mtandao wa Modogashe hashiki waya kabla hajanawa mikono na kuipangusa kwa pindo la kikoi, hata maji yawe haba namna gani. Huongea polepole na mitambo yake, kama mtu anayembembeleza ngamia mgonjwa asimame. Siku hiyo Ebla, muuza maziwa, alikuwa amekaa mlangoni pake tangu adhuhuri. Binti yake alikuwa Eldas, ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Simu za huko hazikushika, ikabaki kompyuta ya zahanati ya Eldas tu.

"Ujumbe hauruki, hooyo, mama yangu," fundi alimwambia huku akibonyeza. "Hupita mtambo kwa mtambo, kama msafiri anayeuliza njia kila kisima. Habaswein wameitika. Wajir wameitika."

"Na Eldas?"

"Bado."

"Basi paza sauti, walaal, ndugu yangu! Unanong'ona kama bwana harusi."

Watu waliokaa kivulini nje wakacheka. Fundi naye akatabasamu, akatuma tena, na tena. Kila mara jibu lilirudi kutoka Wajir, na mbele ya hapo kimya. Ebla hakujua kusoma kioo kile cha kompyuta, ila aliviona vidole vikipunguza mwendo, kisha vikalala juu ya meza.

Akainua mikono kuomba. "Ya Rabbi, mfungulie mwanangu..."

"Amin," fundi akaitikia upesi mno, kabla jina la binti halijatajwa.

Ebla akamgeukia, akaelewa kuwa fundi amekata tamaa ya kuipata Eldas. Mikono ilibaki juu, na dua haikuendelea.