Mkono wa Efo Dotse

Efo Dotse alikuwa na kengele ya shaba na kazi ya kunyamazisha watu. Kwa miaka ishirini na sita, katika chuo cha sheria mjini Ho, nchini Ghana, ndiye aliyesimama mlangoni mwa ukumbi ambamo wanafunzi hujizoeza kutetea kesi za kubuni. Alipiga kengele mara tatu, akasema "Simameni!", majaji wakaingia. Kuanzia hapo hakutakiwa kutoa neno jingine mpaka kesi iishe. Kazi hiyo ilimfaa, maana hakuwa mtu wa maneno. Wanafunzi wote walimwita Efo, kaka mkubwa, hata wale waliokuwa na umri wa wajukuu zake.

Kitu kimoja tu aliwaficha. Alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto.

Kwao Kpetoe baba yake alifuma vitambaa vya kente, na kwenye mtambo wa kufumia hakuna aliyeuliza uzi umerushwa na mkono gani. Shuleni waliuliza. Mwalimu wa darasa la pili alimfunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa dawati kwa uzi uleule wa kufumia, uzi mwekundu, na akimkuta amejifungua alimchapa kwenye vifundo vya vidole. Mkono huo ni wa chooni, alisema, na kumnyooshea mtu ni kumtukana. Dotse aliishia darasa la sita. Akajifundisha kula ugali wa akple kwa kulia, kusalimu kwa kulia, na baadaye kupiga kengele kwa kulia, ingawa bega lilimuuma kila msimu wa mvua.

Mwaka huo chuo kilikuwa na mengi ya kujivunia. Wanafunzi wawili walishinda tuzo ya insha. Wengine waliwasaidia wajane tisa kurudishiwa mashamba yao, na wajane wale walikuja chuoni na viazi vikuu vya kujaza gari, wakacheza ngoma uani hadi darasa la mikataba likavunjika. Wanachuo wa zamani nao walijenga ukumbi mpya wenye viyoyozi, wakajaza maktaba vitabu, na wakaahidi kumpeleka msemaji mmoja Accra kwenye shindano la taifa. Angechaguliwa siku yao ya kukutana, na majaji watatu kutoka miongoni mwao.

Kila mtu alijua msemaji bora ni nani. Alikuwa Sitsofe, binti wa fundi baiskeli wa Hohoe, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini hoja zake zilikata. Na kila hoja ilipotoka, mkono wake wa kushoto ulipanda nayo.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, Wakili Agbodza, mwenyekiti wa wanachuo wa zamani, alikuja kuwatazama wakifanya mazoezi. Alimkatisha Sitsofe katikati ya sentensi.

"Binti, huo mkono."

"Upi, Lawyer?"

"Usinichezee. Huo! Siwezi kupeleka Accra mtu wa kuwaonyesha majaji mkono wa chooni kwa jina letu. Uweke nyuma, au jina lako nalikata mimi mwenyewe."

Sitsofe akauweka nyuma. Akaanza tena. Hoja ya kwanza ikayumba, ya pili akaisahau, ya tatu akaisema mara mbili. Mwenzake Elikem akashindwa kujizuia.

"Sitsofe, dada yangu, unaongea kama mwizi aliyeficha kuku mgongoni."

Watu wakacheka. Efo Dotse hakucheka. Mlangoni, vidole vyake vya kushoto vilikuwa vimekunjika vyenyewe.

Mazoezi yalipoisha alimkuta binti ameketi kwenye ngazi, macho mekundu.

"Naacha, Efo. Aende Elikem."

"Elikem ataenda Accra kuwachekesha."

"Wewe hujui. Nikiuzuia mkono, maneno nayo yanazuilika."

Efo akatazama huku na huku. Uani hapakuwa na mtu. Akaihamisha kengele kutoka kulia kwenda kushoto, akaitikisa mara moja, na ikalia safi kuliko binti alivyowahi kuisikia.

"Ah! Efo! Na wewe?"

"Tangu tumboni. Nilifungwa kwa uzi." Hapo alikuwa amekwisha sema mengi kuliko kawaida yake. Lakini akaendelea. "Kwenu Hohoe, mkono wa kulia ukiwa na mzigo, ukampa mtu kitu kwa kushoto, unasemaje?"

"Nasema, 'Mkono wa kushoto.'"

"Na yeye?"

"Anaitikia, 'Nao ni mkono.'"

"Basi. Huko si kuomba msamaha, ni kama salamu. Wewe umeshasema, lililobaki ni lake. Waambie hivyo, mara moja tu, halafu zungumza kama ulivyoumbwa."

"Na wakikaa kimya?"

Efo akairudisha kengele mkono wa kulia, akaenda kufunga ukumbi.

Siku yenyewe ukumbi mpya ulijaa suti na kente. Efo alipiga kengele mara tatu kwa kulia, akasema "Simameni!", na majaji wakaingia, Agbodza akiwa wa kati. Elikem alisema vizuri, akakaa. Sitsofe akasimama, mikono yote miwili mbele yake.

"Waheshimiwa majaji," alisema, "mkono wa kushoto."

Kimya. Jaji mmoja alitazama karatasi zake. Mwingine alimtazama Agbodza, na Agbodza akatazama dari. Viyoyozi vikanguruma. Binti alisimama na salamu yake hewani, na Efo aliona mkono wake wa kushoto ukianza kurudi mgongoni.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewatoa nje watu waliokohoa tu.

"Nao ni mkono!" akasema kutoka mlangoni. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga.

Vichwa vyote viligeuka. Agbodza akainuka nusu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Dotse."

"Mlinda mlango! Nani amekupa ruhusa ya kusema mahakamani?"

"Mahakama imesalimiwa, Lawyer, ikakosa wa kuitikia. Nimeiitikia ili isiaibike."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mpaka mbele. Jaji aliyeketi upande wa kulia, mama mwenye miwani, alijifunika mdomo kwa kitambaa. Kisha akasema, "Neno likishaitikiwa limekwisha. Endelea, mwanangu."

Sitsofe aliendelea. Mkono ulipanda, ukashuka, ukahesabu hoja kwa vidole, na hakuna hata moja iliyopotea. Majaji walipopiga kura, wawili walimchagua yeye. Agbodza mwenyewe alitangaza jina la Sitsofe, haraka, kama anayesoma notisi ya kukatika kwa maji.

Alipokuwa akitoka alisahau mkoba wake mezani. Efo aliuchukua, akamfuata hadi kwenye gari, akamnyooshea. Kwa kushoto.

"Mkono wa kushoto, Lawyer."

Agbodza alishika mkoba. Efo hakuuachia. Wakili akavuta kidogo, na Efo akasimama tu, mpole kama siku zote, bega lake la kulia limepumzika. Wanachuo wenzake wakaanza kutazama. Dereva akapiga honi.

"Nao ni mkono," Agbodza akasema, mdomo haujafunguka vizuri.

"Safari njema," Efo akasema, akauachia.

Jumatatu iliyofuata, Elikem aliuliza nani amenunua kengele mpya.

"Ni ileile," Efo alimjibu, akaitikisa tena kwa kushoto. "Simameni!"