Mama Soksi wa Wodi ya Watoto

Kabla hajaitwa Mama Soksi alikuwa fundi cherehani wa kutegemewa. Alishona sare za shule mpaka macho yakaanza kumsumbua, akawaachia binti zake cherehani, naye akajiunga na kundi la kanisa la kutembelea wagonjwa. Akapangiwa wodi ya watoto.

Wenzake waliingia kwa wimbo, wakasoma neno, wakaombea kitanda kwa kitanda, wakatoka. Huduma njema, lakini kuna jambo lilimkosesha raha. Watoto wakiona watu wazima wanawajia na mikono imenyooshwa, walijifunika shuka gubigubi wakidhani wanakuja kuwachoma sindano.

Nyumbani akachukua soksi ya mumewe iliyopoteza mwenzake, akaibandika vifungo vya shati viwe macho na kitambaa chekundu kiwe mdomo. Akaiingiza mkononi, ikaanza kusema. Akaiita Bwana Kisigino.

"Kwa hiyo injili sasa imehamia miguuni?" mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwenye kikao, na watu wakavunjika mbavu. Mama Soksi akahisi uso unamwaka, ila hakuinamisha kichwa.

"Mwacheni," mchungaji akasema. "Kama mtoto atamwambia soksi kile asichoniambia mimi, sitaona wivu."

Basi akaenda wodini kifua mbele, na haukupita muda jina likamganda.

Mgonjwa aliyemtoa jasho alikuwa msichana wa miaka tisa, kitanda cha dirishani. Alikuwa ameungua mkono wa kulia kwa maji ya birika jikoni kwa bibi yake. Vidonda vilikuwa vinapona, lakini hasemi na mtu, na mkono ameukunja kifuani kama anaficha kitu. Muuguzi alimbembeleza anyooshe vidole, wapi!

"Asipovifanyisha mazoezi vitakakamaa hivyo hivyo," muuguzi alimnong'oneza Mama Soksi. "Mama yake tumemwambia, analia tu. Sisi tumeishiwa maneno."

Mama Soksi akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakumuuliza mtoto chochote. Bwana Kisigino ndiye aliyechungulia kutoka kwenye mkoba, akapiga chafya, akajificha tena. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata akatoka mzima mzima na kulalamika:

"Mama huyu ananilazimisha kusali. Ati nifumbe macho! Mimi sina kope, nitafumbaje?"

Pembe ya mdomo wa mtoto ikacheza.

"Nisaidie basi wewe. Fumba kwa niaba yangu, tuombe wote. Nimwambie Mungu nini?"

Kimya. Mama Soksi akajikaza asije akakijaza yeye. Mtoto akasogeza mdomo karibu na soksi, akasema kwa sauti iliyokauka:

"Mwambie anisamehe. Nimemuua bibi."

Mkono wa Mama Soksi ulibaki kuwa Bwana Kisigino. "Ilikuwaje?" soksi ikauliza.

Yakatoka yote. Alikatazwa kukimbia jikoni, akakimbia, akagonga birika. Maji yakamwangukia yeye mkononi na bibi mguuni. Bibi alipiga ukelele, na tangu hapo hajamwona. Akimuuliza mama, mama anageuza uso na kufuta machozi. Mtoto akajijibu mwenyewe.

"Mungu tutamwambia sasa hivi," soksi ikasema, "na habari za bibi nitazifuatilia mimi mwenyewe."

Wakaomba, mtoto kafumba macho ya watu wawili.

Mama Soksi akamfuata mama wa mtoto na kumweleza. Kumbe bibi yuko nyumbani, mguu umefungwa bandeji, amekatazwa kuukanyagia. Mama wa mtoto alikuwa akimlilia mwanawe kwa ule mkono, wala hakujua machozi yake yameeleweka vipi. Aliposikia alishika kichwa. Kesho yake bibi akaletwa kwa kiti cha magurudumu, anagomba tangu mlangoni.

"Nani kasema nimekufa? Niende wapi, na wewe hujamaliza shule?"

"Bibi, nilikimbia."

"Ulikimbia, ndiyo. Na mimi birika nililiweka ukingoni. Tumekosa wote, tumesameheana, yamekwisha. Njoo hapa."

Mtoto akalia kilio cha kweli, cha kutetemesha mabega.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa mkono. Mama Soksi alileta soksi nyingine, tupu, na sindano. Mtoto akachagua vifungo, bibi akashona. Lakini kikaragosi hakisemi mpaka vidole vifunguke. Iliuma. Siku za mwanzo kilisema neno moja tu na kuchoka. Baadaye kikaanza kumjibu bibi jeuri, na muuguzi akacheka huku akipima vidole vinavyonyooka.

Mwaka uliofuata mchungaji alimwomba Mama Soksi afundishe watembeleaji wagonjwa wa makanisa ya jirani. Ukumbi ulijaa. Alieleza mambo machache: usikimbilie kuhubiri, acha kimya kifanye kazi, usiitanie siri ya mtoto. Kisha akamwita msichana mbele.

Msichana akapanda jukwaani, akainua mkono wake wa kulia wenye makovu, na kikaragosi alichokishona na bibi kikapanua mdomo wote kuwasalimia watu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama Soksi, aliyekuwa amesogea nyuma, machozi yakimtiririka bila aibu, akamgusa mwanamke mgeni aliyekaa pembeni yake.

"Unamwona yule? Yule ni wangu."

Bibi, kiti cha mbele yao, akageuka. "Wako tangu lini?"

"Haya, mama. Wetu."

"Hapo sawa," bibi akasema, akamvuta mkono waketi pamoja.